Chapa ya Utalii ya Magharibi mwa Kenya Ianze na Wenye Mji

Kati ya mwaka 2014 na 2019, magharibi mwa Kenya iliingia mara tatu katika orodha za UNESCO. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega iliorodheshwa mwaka 2014, boma la mawe la Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori likatangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2018, na mwaka uliofuata zikaingia ibada na mila za Kit Mikayi kule Seme, Kaunti ya Kisumu. Hata hivyo, mgeni anayetua Nairobi bado hupelekwa Maasai Mara, kisha Mombasa au Diani, na akielekezwa upande huu wa nchi, safari yake aghalabu hukomea Nakuru. Kenya ilipokea wageni milioni 2.4 hivi kutoka nje mwaka 2024, lakini mwongozaji wa watalii katika Msitu wa Kakamega anaweza kukaa siku nzima akingoja simu isiyolia.

Maelezo yanayotolewa katika mikutano ya viongozi na wadau ni kwamba eneo hili halijauzwa ipasavyo. Dawa inayopendekezwa nayo haibadiliki: nembo mpya, kauli mbiu mpya, video iliyopigwa kwa droni, na uzinduzi hotelini mjini Kisumu, wenye fulana na kofia za bure. Hafla ikiisha, fulana huishia kuvaliwa shambani. Sipingi kutangaza, wala sidhani kwamba biashara ya utalii inaweza kuendeshwa kwa unyamavu. Ninachotilia shaka ni nani anayeitwa kwanza. Chapa ya utalii ni ahadi anayopewa mtu ambaye bado hajafika, na watakaoitimiza au kuivunja ni nahodha wa boti, mama wa mkahawa, mzee anayeshika ufunguo wa lango na kijana wa bodaboda. Hao ndio wasiokuwamo chumbani ahadi inapotungwa. Dai langu ni kwamba jina, bei na mgao wa mapato vikubaliwe kijijini kwa maandishi kabla ya mchoraji wa nembo kulipwa hata shilingi moja, na kwamba pale makubaliano hayo yanaposhindikana, ni heri mahali hapo pasitangazwe kwanza.

Kit Mikayi panaonyesha vizuri pengo lililopo kati ya anayetangaza na anayemiliki. Yale majabali yaliyopandana, karibu na barabara ya Kisumu kwenda Bondo, yamezoeleka katika matangazo kama mahali pa kupanda na kupigia picha. Ila kilichoorodheshwa mwaka 2019 si mwamba. Ni sala, kafara, nyimbo na karamu ambazo wazee wa Kiluo waliziongoza pale wakiomba mvua na mavuno mema, na ziliingizwa katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, kwa kuwa wanaozijua na kuzitekeleza wanazidi kupungua. Isukuti nayo imo katika orodha iyo hiyo. Ni sawa na mwenye nyumba aliyepiga yowe majirani waje kumzimia moto, nao wakaja na kamera kusifu mwanga.

Jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja katika uuzaji. Hadi leo waumini, wakiwamo wa kanisa la Legio Maria, hufika Kit Mikayi kusali na kufunga. Mtalii aliyeahidiwa mandhari ya kupigia picha akikutana na mtu aliyepiga magoti ndani ya pango, mmoja wao ataudhika, na yamkini wote wawili. Chapa iliyotungwa pamoja na wazee na waumini ingesema waziwazi ni sehemu zipi mgeni anaruhusiwa kuingia, siku zipi lango linafungwa kwa ajili ya ibada, na picha za nani zisipigwe kabisa. Wakala wa usafiri ataona masharti hayo kuwa kikwazo. Mimi nayaona kuwa sehemu ya bidhaa yenyewe, kwa maana mgeni anayefunga safari kutoka mbali kuona mahali patakatifu hatarajii kupakuta pamegeuzwa uwanja wa michezo.

Kwa isukuti suala ni gumu kidogo, kwa sababu ngoma hiyo haijawahi kufichwa. Seti yake ya ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga, huchezwa mtoto anapozaliwa, harusini, matangani na hata katika mikutano ya siasa. Hakuna ubaya wachezaji wakilipwa kuwachezea wageni. Ubaya huja pale meneja wa hoteli anapoagiza dakika kumi za shangwe wakati wa chakula cha jioni, na kundi lililopunguzwa kutoka watu ishirini hadi watano likacheza kipande cha matanga kwa sababu ndicho chenye mshindo. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inataka ridhaa ya jamii pamoja na mgao wa haki wa faida, tena inazipa serikali za kaunti jukumu la usajili wa awali wa mali hiyo. Kaunti inayochapisha picha ya ngoma katika vipeperushi vyake kabla ya kukamilisha usajili huo imeanza kazi kutoka mwisho.

Pamoja na hayo yote, eneo hili halikosi mfano wa kujifunzia. Ufuo wa Dunga, kijiji cha wavuvi kilicho kusini mwa jiji la Kisumu, ulifanya jambo ambalo kaunti nyingi bado hazijalijaribu. Katika muongo uliopita watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg cha Sweden, wakishirikiana na wasomi wa Kisumu, walikaa na wakazi na waongozaji wa pale kuulizana Dunga ijulikane kwa kitu gani. Badala ya kuanza na nembo walianza na mambo ya mkononi: vibao vya kumwelekeza mgeni, njia za matembezi, mapipa ya taka. Kila kitu kilijaribiwa, kikakosolewa na wenyeji, kikarekebishwa. Mtu aliyezoea kampeni za mabango makubwa huenda akaona huo ni mchezo mdogo. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu kibao cha njia humlazimisha mtu kuamua njia inapita kwenye ua wa nani, na pipa la taka huzusha swali la nani atalimwaga.

Tazama safari moja ya boti pale Dunga. Mgeni hufika alfajiri, anavalishwa jaketi la kuokolea maisha, na boti inapita kando ya mafunjo taratibu ili waone ndege ambao hawapatikani kwingine isipokuwa katika mafunjo ya aina hiyo, kisha wanawaendea viboko kwa umbali wa heshima. Wakirejea, samaki yuko jikoni. Tuseme mgeni amelipa shilingi 3,000. Ndani yake kuna mafuta ya injini, ujira wa nahodha, wa mwongozaji, ada ya kamati ya ufuo ambayo kila mtu huiita BMU, na kama mgeni aliletwa na wakala wa mjini, kamisheni ya wakala. Mgawanyo huo ukiwa umeandikwa ukutani mahali ambapo kila mtu anausoma, nahodha hana sababu ya kumvuta mgeni pembeni na kumnong'onezea bei nyingine. Ukiwa siri ya mwenyekiti, wageni hugombewa kama abiria wa stendi ya matatu, na ahadi yoyote iliyochapishwa kwenye karatasi ya kung'aa hufia pale pale ufuoni. Orodha ya zamu na orodha ya mgao zina kazi kubwa kuliko rangi za nembo, ingawa hakuna gavana atakayealika wanahabari kuja kuzindua orodha ya zamu.

Dunga haijamaliza shida zake. Magugu maji yakija na upepo hufunga ufuo kwa siku nyingi, na boti zikikwama hakuna utalii wala uvuvi. Jiji nalo linasogea, na mafunjo ambayo ndiyo makao ya ndege na malighafi ya wasukaji mikeka yanakatwa kupisha mashamba na majengo. Chapa nzuri haiwezi kuyazuia haya peke yake, lakini chapa inayomilikiwa na watu wa pale inawapa sababu ya kifedha ya kuyasimamia mafunjo yao, jambo ambalo bango la Nairobi haliwezi.

Umiliki huu una sura ya kisheria ambayo kwa maoni yangu imepuuzwa mno. Linganisha vijiji viwili. Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, wanaume huchimba na kuchonga jiwe la sabuni, na wanawake huketi na beseni la maji wakisugua kila sanamu kwa msasa, kwanza ule wa kukwaruza, kisha ule laini, hadi jiwe jeupe au la waridi liwe nyororo kama ngozi, ndipo lipakwe nta. Kazi hiyo huuzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo, nyingi ikiwa na sura ya twiga na tembo ambao Tabaka hawapo, na mnunuzi huondoka akiamini amenunua kumbukumbu ya mbugani. Jina la kijiji hupotelea njiani, na pamoja nalo hupotea sababu yoyote ya mnunuzi kutamani kufika pale. Upande wa pili, wakulima wanaopakana na Msitu wa Kakamega waliojiunga katika kundi la Muliru walianza kupanda aina ya mrihani wenye harufu ya kafuri, wakakamua mafuta yake na kutengeneza marhamu iitwayo Naturub, kwa msaada wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE na Chuo Kikuu cha Nairobi. Kundi hilo lilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2010. Mtu anaweza kusema marhamu si utalii. Lakini kila kikopo ni tangazo la msitu linalosafiri lenyewe hadi dukani, na mapato yake hurudi kwa jirani wa msitu, ambaye ndiye anayeamua kila siku kama atakata mti au ataulinda.

Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, inaruhusu kundi la wazalishaji kusajili alama ya pamoja, na wasusi wa vikapu wa Taita wameshaipitia njia hiyo. Sioni kinachozuia wachongaji na wasuguaji wa Tabaka kuwa na yao, yenye masharti ya ubora wanayojiwekea wenyewe, na yenye majina ya wanawake katika orodha ya wanachama, si ya wachongaji peke yao. Ada za usajili ni kitu kidogo zikilinganishwa na gharama ya hafla moja ya uzinduzi.

Jambo lingine linalonisumbua ni ukubwa wa chapa zinazopendekezwa. Muungano wa kiuchumi wa Kanda ya Ziwa una kaunti 14, kutoka Migori hadi Trans Nzoia na kutoka Busia hadi Bomet. Kutafuta kauli mbiu moja itakayobeba mashamba ya chai ya Kericho, mapango ya Mlima Elgon na wavuvi wa Mfangano ni kutafuta maneno matupu, maana ni maneno matupu pekee yanayoweza kukubaliwa na kaunti 14 bila ugomvi. Mgeni hasafiri kwenda kwenye muungano wa kiuchumi. Anasafiri kwa njia, kwa siku tatu au nne, na njia ndiyo inayopaswa kupewa jina. Njia moja inaweza kuanzia Dunga, ipite Kit Mikayi, ishuke hadi Hifadhi ya Ruma kule Homa Bay, mahali pa pekee nchini palipobaki na swala aina ya korongo, ifike Thimlich Ohinga penye kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji tangu karne ya 16. Nyingine iwe ya msitu na isukuti huko Kakamega. Ya tatu, ya visiwa vya Rusinga na Mfangano, yenye kaburi la Tom Mboya na michoro ya kale ya miambani, inastahili wiki yake yenyewe.

Hata hizo ndogo zina vizingiti. Msitu wa Kakamega unasimamiwa na mashirika mawili: upande wa Buyangu ni wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, upande wa Isecheno ni wa Shirika la Huduma za Misitu. Mgeni hajui wala hajali mpaka huo, ila ndio unaoamua analipa wapi na kwa utaratibu gani. Waongozaji wenyeji wanaolijua kila ndege kwa sauti yake hawawezi kuuondoa. Hilo ni la wakubwa wawili kuketi na kukubaliana juu ya risiti moja.

Nakuru inatupa onyo la namna nyingine. Kwa miongo mingi ziwa lake liliuzwa kwa picha moja: heroe wa waridi waliojaa ufuoni. Maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalipoanza kupanda mwanzoni mwa muongo wa 2010, magadi yakapungua nguvu, mwani unaoliwa na ndege hao ukapungua, nao wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Mbuga bado ina vifaru, simba na twiga, lakini aliyekuja kwa ajili ya heroe huondoka akihisi ametapeliwa. Wakati huohuo majirani wa ziwa waliofurikiwa nyumba na mashamba hawakuwa na nafasi yoyote katika hadithi iliyokuwa ikiuzwa. Chapa iliyofungwa kwa ndege inahama na ndege. Mji wa Iten, kwa kulinganisha, ulijipatia sifa kwa wakimbiaji na makocha wanaoishi pale, na ndiyo maana wageni hulipa kukaa wiki nzima katika kambi za mazoezi, wakila ugali na kukimbia barabara za vumbi pamoja na wenyeji.

Na wateja ni kina nani? Mipango mingi humtazama Mjerumani na Mmarekani, ilhali soko kubwa la magharibi mwa Kenya hushuka kwa mabasi kila Desemba. Familia zinazotoka Nairobi na Mombasa kuja nyumbani, watoto waliozaliwa mjini wasiojua hata jina la kilima kilicho nyuma ya boma la babu yao, wageni wa harusi na wa mazishi wanaolala Kakamega au Siaya usiku mmoja kisha wanaondoka: hao wote hupita kando ya vivutio bila kuvitazama. Hakuna anayewahesabu kuwa watalii, na hakuna aliyewawekea kitu cha nusu siku chenye bei yao. Zikiongezwa shule zinazotafuta ziara za masomo, tayari vijiji vina wateja wasiohitaji viza wala wakala wa ng'ambo. Wateja hawa pia ni wakali kuliko Mzungu. Wanajua bei halisi ya samaki, na hawatadanganyika kwa ngoma ya dakika kumi. Kijiji kikiwaridhisha hao, kimefuzu kumkaribisha yeyote. Mbinu ya kuwafikia si ghali: mahali pawekwe sawasawa katika ramani ya simu, namba moja ipokelewe na mtu mwenye zamu, malipo yaingie kwa M-Pesa katika akaunti ya kundi, na picha za watu zitumike kwa idhini yao, kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Wenye hoteli watajibu kwamba vikundi vya vijijini havitegemeki: mwenyekiti hufanya kikundi kuwa duka lake, ugomvi huzuka mfadhili akiondoka, choo hakina maji, majaketi ya kuokolea maisha hayatoshi boti. Mengi ya hayo ni kweli, na hoja ya ubora ina uzito wote. Boti isiyo na majaketi isiingie majini hata kama ni ya jamii kwa asilimia 100. Lakini wanaoyasema hayo wanataka kijiji kiboreshwe kwanza ndipo kipewe kauli, ilhali mtu hana sababu ya kukarabati choo cha biashara ambayo si yake. Kuhusu mwenyekiti anayekula, dawa yake ni hesabu zinazosomwa hadharani kila mwezi na uchaguzi wenye tarehe, mambo ambayo vyama vya akina mama vya kuweka na kukopa huyafanya bila ushauri wa mtaalamu yeyote.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti utalii wa maeneo yao, na inataka wananchi washirikishwe katika bajeti zinazoanza kutumika tarehe 1 Julai. Kwa kawaida ushirikishwaji huo hufanywa ukumbini siku ya kazi asubuhi, saa ambazo wavuvi wanateremsha samaki na wasuguaji wa mawe wako kazini. Kikao cha chapa kiitishwe alasiri, ufuoni au machimboni, kwa lugha ya wenyeji, na rasimu ya mgao wa mapato isomwe kabla ya mtu yeyote kufungua rasimu ya nembo.